Re: Mota ya jiko la mama, Pasua (Moshi)

Habari za leo ndugu zangu. Mimi niko Leicester, mama yuko Pasua. Namjengea jiko la nje kwa tofali za kuchoma, kuta pamoja na meko ya kuni. Fundi anataka mota, yaani mchanganyiko wa kushikishia tofali, iwe ya resho ya moja kwa tatu (saruji moja, mchanga tatu) kila mahali, tena saruji ya 42.5 tupu, anasema ndiyo imara. Hesabu ya mifuko imenishtua. Nimkubalie?

---

Dada, pole na majukumu. Usimkubalie, ila usimgombeze pia, maana mafundi wengi wamekua wakiamini kwamba saruji ikizidi na uimara unazidi. Kwa tofali za kuchoma sivyo. Mota ikiwa ngumu kuliko tofali, msingi ukititia kidogo tu, ufa haupiti kwenye maungio, unapasua tofali zenyewe.

Hili lilinikuta kwenye ujenzi wangu wa Rau, huko huko Moshi. Nilituma pesa ya moja kwa tatu nikaona nimefanya la maana. Mwaka wa pili ufa ukashuka kutoka kona ya dirisha hadi kwenye msingi, umekata tofali katikati moja baada ya nyingine, na mota imebaki nzima. Ungekuwa kwenye maungio tungekwangua na kuziba. Tulibomoa kozi 11, yaani mistari 11 ya tofali.

Kwa ukuta mwambie moja kwa sita. Na usiishie hapo, kwa sababu "sita" ya site nyingi ni matoroli au makoleo, na toroli la kulundika si sawa na la kusawazisha. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Kwa hiyo mchanga ni lita 210, yaani ndoo 10 na nusu za lita 20, kila moja ikisawazishwa kwa ubao. Saidia fundi ahesabu ndoo, asikadirie kwa macho.

Ile namba ya kwenye mfuko, 32.5 au 42.5, inaeleza nguvu ya saruji ikipimwa baada ya siku 28. 32.5 inatosha kwa kujengea na kwa lipu. 42.5 iende kwenye zege la linta, ile boriti ya juu ya mlango na dirisha, moja kwa mbili kwa nne: mfuko mmoja, mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7.

Ila nakuomba uhangaike na mchanga kuliko kitu kingine chochote. Mchanga wenye tope unaua mota hata kama resho imepimwa sawasawa. Mama anaweza kuupima mwenyewe: achukue chupa ya maji ya nusu lita, ajaze mchanga hadi katikati, aongeze maji na chumvi kidogo, atikise kwa nguvu, aiache hadi kesho yake bila kuigusa. Mchanga utakaa chini, tope juu yake. Tope likiwa kama unene wa karatasi chache, sawa. Likifika unene wa kidole, huo mchanga usijengee.

Tofali ziloweshwe kabla, kwani tofali kavu hunyonya maji ya mota kabla saruji haijashika. Mota iliyoanza kukaza isirudishiwe maji. Ukuta umwagiliwe siku 7.

Meko ni habari nyingine kabisa. Saruji ya kawaida haivumilii moto, ikipigwa na joto kali inapoteza nguvu na kumomonyoka. Tofali zinazoguswa na moto zijengewe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, maungio yawe membamba, saruji isiingie. Baada ya hapo meko yakauke taratibu, wiki moja au zaidi, ndipo awashe moto mdogo mdogo kwa siku kadhaa. Mkiharakisha yatapasuka.

---

Kaka, asante sana. Mama ametuma picha ya chupa asubuhi hii: tope ni vidole viwili. Na lori zima lilishashushwa! Tumekubaliana ule mchanga ujazie chini ya sakafu, mwingine unakuja Jumamosi. Fundi amekubali moja kwa sita baada ya kumpigia na kumsomea habari ya ukuta wako wa Rau.

Udongo wa kichuguu mama anaufahamu, anasema bibi alijengea huo huo meko yake. Kuhusu lori la Jumamosi, amewaambia hakuna kushusha mpaka atikise chupa yake na kulala nayo, kwa hiyo wamwletee ndoo moja kwanza Ijumaa.