Dodoki ni mmea, sifongo ni mnyama: nimweleweshe vipi mwanafunzi?

Mwalimu wa Nkuhungu

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari hapa Dodoma. Juzi nilipeleka darasani sifongo mkavu niliyeletewa na shemeji yangu kutoka Zanzibar, nikawaambia wanafunzi kwamba alikuwa mnyama. Binti mmoja akanyoosha mkono, akasema kwa adabu kwamba bibi yake wa Mpwapwa anaogea dodoki linalofanana nalo kabisa, na wao wenyewe hulichuma uani. Iweje la bibi liwe tunda na la mwalimu liwe mnyama? Nilimjibu kwamba sifongo hana klorofili, yaani ile rangi ya kijani ambayo mimea hujitengenezea nayo chakula, lakini jibu hilo halikuniridhisha, maana uyoga nao hauna klorofili na hatuuiti mnyama. Kiumbe asiye na mdomo, tumbo, neva wala misuli, tena anayeishi amenata kwenye jiwe, unyama wake uko wapi? Na sisi tulio mbali na bahari tunaweza kuwaonyesha nini kwa vitendo?

Fundi Maabara, Kondoa

Mwalimu, mpongeze binti huyo, kwa sababu ameuliza jambo la msingi. Alichokiona mezani ni kiunzi tu, na viunzi viwili vinaweza kufanana ingawa vimejengwa kwa mata tofauti. Dodoki ni nyuzi za selulosi zilizobaki baada ya nyama ya tunda kuoza, ilhali sifongo wa kuogea amejengwa kwa sponjini, ambayo ni protini iliyo jamaa ya kolajeni ya ngozi zetu. Chukua uzi mmoja wa kila kimoja, uushike kwa koleo, uuchome madirisha yakiwa wazi. Dodoki litanukia kama karatasi inayoungua, na sifongo atanuka kama nywele zilizoungua. Tafadhali usichome kipande cha sponji ya godoro kwa kulinganisha, kwa kuwa hiyo hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli na moshi wake ni sumu.

Msomaji wa Viumbe wa Majini

Jaribio hilo ni zuri, ila linathibitisha habari ya kiunzi tu. Jibu la swali la uyoga liko katika ulaji. Uyoga humwaga vimeng'enya nje, ukakiyeyusha chakula huko huko na kukifyonza. Sifongo humeza chembe za chakula ndani ya seli zake, akazisaga humo, na seli hizo hazina ukuta kama za mmea au za uyoga. Mwaka 1825 Robert Grant, aliyekuwa akichunguza sifongo huko Uskoti, alieleza jinsi maji yanavyotoka kwa nguvu katika tundu kubwa la mwili wake. Maji hayo huingia kupitia vitundu vidogo visivyohesabika, yakisukumwa na seli ambazo kila moja ina mjeledi mmoja, yaani kijiuzi kinachopiga maji, uliozungukwa na kola, na kola hiyo ndiyo inayonasa bakteria. Sifongo mmoja mwenye urefu wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1 alipimwa akapitisha lita zipatazo 22 kwa siku, yaani zaidi ya ndoo kubwa ambayo kila aliyekulia Dodoma anaujua uzito wake kichwani.

Mwaka 1907 H. V. Wilson, huko Marekani, alimkamua sifongo hai kupitia kitambaa laini cha kuchekechea hadi seli zake zikatawanyika majini. Seli zile zilitambaa, zikatafutana, zikashikamana, na hatimaye zikajenga sifongo upya. Mimi ningeanza somo na kisa hicho. Halafu ningewakumbusha kwamba sifongo huzaa kwa yai na mbegu ya kiume, na kwamba lava wake, yaani mtoto wake mchanga, huogelea kabla ya kunata.

Mzaliwa wa Kigoma, sasa Dodoma

Naomba kuongeza kuhusu klorofili. Wapo sifongo wa maji baridi wenye rangi ya kijani, kwa sababu ndani ya seli zao wanaishi mwani wadogo mno wanaowagawia chakula. Kwa hiyo Mwalimu asiitegemee rangi hata kidogo.

Sifongo hawako baharini pekee. Ziwa Tanganyika lina wake, na jamii nyingi za maji baridi huacha gemula, yaani vifurushi vidogo vya seli vyenye ganda gumu, vinavyostahimili ukame na kuota maji yakirudi. Kwa watu wa nchi yenye malambo yanayokauka kila kiangazi, hilo si jambo la kulipita haraka. Pekueni chini ya mawe na vijiti ukingoni mwa bwawa. Katika majani ya majini tafuteni pia haidra, mnyama mdogo sana wa maji baridi, ambaye mwanasayansi Abraham Trembley alimkata vipande miaka ya 1740 na kila kipande kikawa haidra mzima. Lakini wanafunzi wasiingie majini miguu mitupu, kwa sababu ya kichocho. Mwalimu avae buti na glavu, achote yeye, maji yakaangaliwe darasani.

Mwalimu wa Nkuhungu

Nawashukuru sana. Leo tumechoma nyuzi, na darasa zima limeitambua harufu ya nywele kabla sijasema neno. Binti ameuliza seli za Wilson zilitambuanaje gizani, bila macho wala neva. Nimemwambia kwamba juu ya kila seli kuna molekuli zinazoshikana na za aina yake, na Jumatatu tutaendelea hapo.