Mrejesho: ile HiAce niliyouliza kama injini ijengwe upya

Wazee mlonijibu, shukran sana. Swali lilikuwa hivi: HiAce yangu ya dizeli, injini ya modeli ya 5L (si lita tano), kilomita zishapita laki nne, je niijenge upya ama nitafute injini ya eks-Japani, yani iliyotumika huko Japani, nipachike tu.

Basi fundi wa Changamwe alitaka kuishusha injini siku ile ile, nikamwambia babu ngoja, pima kompresheni kwanza, yani nguvu ya silinda kubana hewa. Silinda mbili ziko chini kabisa, na ukifungua kifuniko cha oili inapumua moshi kama jiko la kuni, ndo maana asubuhi ilikuwa haiwaki, dizeli haina cheche, moto unatokana na ile hewa kubanwa. Kwa hivo wale mlosema ni nozeli tu, zile za kupuliza dizeli, hapana.

Eks-Japani nimeiacha maanake hujui imetembea kiasi gani, alafu nambari ya injini ikibadilika lazima uende kubadilisha logibuku (kitabu cha gari) NTSA, ile mamlaka ya usafiri Kenya, na mimi foleni siziwezi. Bloku yangu haina ufa, krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ilifaa kusagwa, silinda zikachongwa zikatiwa pistoni na ringi za ovasaizi, yani kubwa kidogo kuliko za mwanzo. Hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, pia ilipimwa ufa, gari ikichemka sana hiyo ndo hupasuka. Na radieta nimeitoa ikaoshwa, hiyo jamani msiiruke, utajenga injini uje uipike tena.

Sai inawaka mara moja, moshi hakuna. Mzigo mzito wa Mariakani sibebi bado mpaka nimwage oili ya kwanza.