Mjadala: Je, picha ya mnyama wa Tendaguru ukutani ifutwe?

Mchoraji wa Lindi: Ndugu zangu, kwenye ukuta wa shule moja huku kwetu ipo picha ya mjusi wa Tendaguru, yule mnyama mkubwa wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa kilima cha Tendaguru huku Lindi, niliyoichora nikiwa kijana. Nusu ya mwili wake imezama ziwani, miguu ya mbele imetanuka, na mkia unaburuta ufukweni. Shule inataka niichore upya, lakini wazazi wengi wameizoea. Niifute au niiache?

Mwalimu wa Biolojia: Ifute. Mifupa yake iliyosimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, mwaka 1937 iliteremshwa ikasimamishwa upya mwaka 2007, ikawa na kimo cha zaidi ya mita 13. Miguu ya mbele ikanyooshwa na mkia ukainuliwa hewani, kwa kuwa nyayo za dinosaria zilizobaki kwenye miamba ni nadra kuonyesha alama ya mkia ulioburutwa. Habari ya ziwa nayo imepitwa na wakati, kwa sababu kifua kilichozama kina kirefu namna hiyo kingebanwa na maji hata pumzi isiingie. Tena, acha kumwita mjusi; huyo ni dinosaria. Mtu mzima anayerudia kosa hilo hastahili kukabidhiwa ukuta wa shule.

Mchoraji wa Lindi: Mwalimu, ya mkia nimeyapokea, lakini hilo la mwisho limeniuma. Mimi nimelelewa na wazee waliomwita mjusi. Hilo neno dinosaria unalolitetea lilibuniwa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842 kutokana na Kigiriki, na maana yake ni mjusi wa kutisha. Iweje Mwingereza aruhusiwe kusema mjusi na mzee wa Kimwera akatazwe?

Mwalimu wa Biolojia: Mjusi miguu yake hutokea ubavuni, ilhali ya dinosaria ilisimama chini ya kiwiliwili kama nguzo, na jamaa zake wa karibu walio hai ni ndege na mamba. Aliyezoea kusema mjusi humchora kama mjusi, na picha yako ni ushahidi. Hata hivyo, maneno yangu kuhusu ukuta yalipita kiasi, nami nakuomba radhi.

Binti wa Kilwa: Kaka zangu, mnagombea jina la mnyama na hakuna aliyewataja watu. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, mamia ya vibarua walichimba mifupa hiyo chini ya Wajerumani, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi hodari wa kuitoa mifupa ardhini bila kuivunja. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake, na 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia. Wataalamu wa ng'ambo wamewakumbuka, sisi tunabishana juu ya mkia! Wachorwe nao ukutani.

Mkazi wa Temeke: Dada amesema kweli, na mimi naongeza: mifupa irudi. Kwa nini tuhangaike na picha ilhali mnyama mwenyewe yuko Berlin?

Mwalimu wa Biolojia: Ndugu yangu wa Temeke, hata huyo wa Berlin si mifupa mitupu. Pingili za shingo na mgongo zilikuwa nzito na dhaifu mno kuning'inizwa, kwa hiyo zilizowekwa pale ni za kuchongwa. Na wewe dada, ukiwaweka wapagazi na mnyama kwenye picha moja, mtoto ataamini waliishi pamoja, wakati kati yao kuna takriban miaka milioni 150.

Mkazi wa Temeke: Pingili za kuchongwa hazibadilishi mahali ilipochimbwa mifupa iliyo halisi. Hilo hujalijibu, Mwalimu.

Mchoraji wa Lindi: Ukuta una pande mbili. Upande mmoja atasimama mnyama nchi kavu, mkia juu; upande wa pili nitachora msafara, na mifupa iwe mifupa, isiwe na nyama. Dada, mizigo waliibeba kichwani au begani?

Binti wa Kilwa: Midogo kichwani. Mikubwa ilifungwa kwenye mti, ikabebwa begani na watu kadhaa. Boheti mchore kwenye shimo, mkono wake ukiwa juu ya mfupa, na jina lake uliandike kamili.

Mwalimu wa Biolojia: Na jina la mnyama je?

Mchoraji wa Lindi: Nitaandika Giraffatitan, jina lake la kitaalamu, na chini yake nitaandika mjusi wa Tendaguru.