Mbegu za F1 (chotara wa aina mbili) au za kienyeji, nyie mnapanda zipi?

Mama Vituta: Wadau habari zenu, niko Pongwe hapa Tanga, nina vituta vitatu nyuma ya jiko, mwaka jana nyanya F1 zilizaa mpaka miche ikalala, nikakausha mbegu nikarudishia, sasa kila mche na tabia yake, mwingine vinyanya kama gololi. Nimekosea wapi?

Mzee Makorora: Hujakosea dada, chotara ndo zilivyo, ukirudishia kila mche unafuata bibi yake. Unanunua upya kila msimu.

Kijana Jembe: Mi chotara nyanya tu, tena ile inayovumilia mnyauko. Mchicha na bamia za kienyeji, unaacha mmoja ukomae unapukutisha kwenye ungo basi. Ila bamia aina mbili usizipande karibu, nyuki hao watakuchanganyia!

Mama Vituta: Haya, gololi zangu kachumbari.