Tupeane uzoefu: baskeli imeibiwa ndani ya nyumba, nyie zenu mnazilaza wapi?

Msafiri wa Kikwajuni
Assalaam alaykum jamani. Siku tatu hizi sijaweza kuandika kwa hasira. Jumatatu alfajiri nimeibiwa baskeli yangu ya mbio, na haikuwa nje. Ilikuwa ukumbini, hatua nne kutoka mlango wa chumba ninacholala.

Niliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarejea kwao, milioni moja na laki nane, nikalipa kwa mafungu matatu. Fremu ya aluminiamu, nyeusi, gia tisa nyuma, unainyanyua kwa mkono mmoja huku unazungumza na simu. Nilikuwa naifunga kwa ile waya yenye namba, kwenye mguu wa kabati la vyombo.

Adhana imelia, nimetawadha, nikaurudisha mlango bila ya kutia ufunguo kwa sababu mama yumo ndani na msikiti upo hapo hapo. Kwenda na kurudi hazifiki dakika 25. Nakuta waya umekatwa uko chini, kabati limesogezwa kidogo, na viatu vyangu vya kuendeshea vimewekwa vizuri pembeni. Viatu hakuvitaka. Mama hakusikia kitu.

Kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, nimekwenda, polisi nimeandikisha. Aliyekuwa anaandika akaniuliza namba ya fremu, nikabaki namtizama. Leo naomba mniambie nyie mnafanyaje, maana nikijaaliwa kupata nyengine sitaki kulia mara ya pili.

Zuu wa Jang'ombe
Pole sana kaka. Mie waliniibia ya mtoto, ile ya magurudumu matatu, hapo hapo mlangoni. Mtu mzima na ndevu zake anakimbia na kibaskeli cha magurudumu matatu!

Pweza Mkavu
Mlango hukutia ufunguo halafu unalaumu waya.

Msafiri wa Kikwajuni
Pweza, nimekuja kuomba uzoefu, sikuja kusomewa hukumu.

Binti Mwembetanga
Hilo la "mama hakusikia kitu" limenirejesha mbali.

Mnaokumbuka umeme uliokatika kisiwa kizima cha Unguja Disemba 2009 ukarudi Machi 2010 mtanielewa. Mji kiza, maji ya bomba hakuna maana pampu hazina umeme, na kila mwenye uwezo ana jenereta barazani. Baba alikuwa na baskeli ya Phoenix nyeusi, kaipata kabla mie sijazaliwa. Siku zile ndiyo iliyokuwa ikituchotea maji, madumu mawili kwenye keria na moja limening'inia kwenye usukani, yeye anaikokota pembeni kama anampeleka mgonjwa hospitali.

Usiku aliifunga kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha la chumba chake, kwa nje. Kitanda kiko chini ya dirisha. Akishtuka usingizini anapenyeza mkono kwenye nondo, anaigusa tandiko, analala tena. Siwatanii.

Mnyororo wake ulikuwa mnene. Basi hawakuugusa. Walikata nondo. Kwa msumeno wa chuma, juu ya kichwa chake, na jenereta la jirani linanguruma kiasi ambacho hata tungeitwa majina tusingesikia. Asubuhi nampelekea chai, nakuta amekaa kitandani anatizama lile tundu. Hakusema neno. Toka siku hiyo akawa anafunga dirisha usiku, na joto la Januari mnalijua.

Kengele yake ilikuwa na ufa, hailii kring, inalia kak-kak. Miaka mingapi baadaye tukitembea naye mjini akisikia kengele mbovu anageuka. Kafariki 2016. Na mie sasa ndiyo ninayegeuka.

Zuu wa Jang'ombe
Allah amrehemu. Nimelia ofisini, hongera yako.

Fundi wa Fuoni
Poleni nyote. Nina karibu miaka ishirini na spana mkononi, wacha niseme ninayoyaona.

Ile waya yenye namba ni uzi wa kushonea. Inakatwa kwa koleo la fundi umeme, na nyengine ukizivuta huku unazungusha namba zinafunguka zenyewe. Nunua kufuli la U la chuma kigumu. Usifunge gurudumu la mbele peke yake, maana gurudumu linafunguka kwa dakika moja, na hizi za mbio zina kile kishikizo cha kufungua kwa kidole, hata spana hahitaji. Shika fremu pamoja na gurudumu la nyuma, na kufuli lisibakishe nafasi ya kupenya nondo ya kulivunjia. Tundu la ufunguo litizame chini. Kila mwezi tone la mafuta ya cherehani, kwani hewa yetu ya chumvi inaziua kufuli kabla mwizi hajafika. Nishawakatia watu wangapi kufuli zao wenyewe!

Namba ya fremu: ipindue baskeli, tizama chini pale pedeli zinapopita. Nyingi zimegongwa hapo. Ipige picha LEO, kabla hamjamaliza kusoma.

Pweza Mkavu
Grenda inakata hiyo U yako kama tikiti.

Fundi wa Fuoni
Grenda inapiga kelele na inatoa cheche. Mwizi wa alfajiri ana mkasi wa nondo kauficha ndani ya suruali. Tunazungumzia yule anayekuja, hatuzungumzii wa kwenye sinema.

Kisutu Ndani
Sie wa Mji Mkongwe tufungie wapi? Nilipiga boliti ukutani niweke pete ya kufungia, nikaivuta kwa mkono ikatoka na mchanga na kipande cha jiwe. Kuta hizi ni mawe na chokaa, hazishiki kitu. Nikaona niitundike kwenye boriti za dari. Ilikaa wiki. Siku ya nane imeanguka juu ya meza, na mama mkwe yupo anakula. Baskeli haijaibiwa mpaka leo, lakini nyumbani siheshimiki.

Mwana wa Kojani
Ndio maana miye nasema rudini Pemba. Kwetu baskeli inalala chini ya mwembe, asubuhi unaikuta na kinyesi cha kuku tu.

Chake Moja
Mwana wa Kojani acha kutuongopea watu. Kojani kisiwa kidogo, utaiba upande nayo wapi? Mtumbwi? Miye nimeibiwa Chake, Machomanne, ndani ya ua wenye ukuta. Na walichukua na pampu.

Mwana wa Kojani
Wale watakuwa wametoka Unguja.

Zuu wa Jang'ombe
Ahaa! Haya, yashaanza.

Ami wa Bububu
Vijana mnahangaika na kufuli. Itisheni Halbadiri, kile kisomo cha kumuapiza mwizi. Jirani yangu aliibiwa mashine ya boti, ikatangazwa Ijumaa msikitini kuwa Jumapili inasomwa. Jumamosi usiku mashine ikakutwa pembeni ya kisima, imefunikwa makuti, haina hata mchubuko.

Mwanafunzi wa Chuo
Ami kwa heshima zote, hili limekatazwa na masheikh wengi. Ukiibiwa sema inna lillahi, kashitaki, basi. Kumuombea mtu avimbe tumbo kwa sababu ya chuma si katika mafundisho.

Ami wa Bububu
Wewe umelijua lini hilo? Babu yako alisoma, na wewe ukazaliwa salama.

Mwanafunzi wa Chuo
Babu yangu usimuingize.

Fundi wa Fuoni
Mie naona mwizi yule hakuogopa kisomo, aliogopa tangazo. Haya, turudini kwenye baskeli.

Wa Kukodisha, Jambiani
Nina 14 za wageni, zile za matairi mapana ya mchangani. Mgeni anaiegemeza mnazi anaingia kuogelea, akitoka anashangaa. Nikaanza kutia AirTag, kile kidude cha Apple cha kukuonyesha kitu chako kilipo. Ushauri: usiitumbukize ndani ya bomba la kiti, chuma kinaziba mawimbi. Ifiche chini ya tandiko au chini ya kishikio cha chupa. Na mjue haina GPS ndani, inategemea simu za iPhone zinazopita karibu yake. Yangu moja ilionekana Paje saa 10 jioni, halafu kimya siku mbili, kwa sababu ilipopelekwa hakuna mwenye simu hiyo. Na mwizi mwenyewe akiwa na iPhone inamwambia kuwa anafuatwa! Niliipata, lakini aliyeniambia ilipo ni muuza madafu.

Pweza Mkavu
Fugeni mbwa.

Ami wa Bububu
Ndani ya nyumba ya kuswalia? Labda kwenu.

Kisutu Ndani
Bata bukini. Shangazi anao watatu uani, hata mie siingii.

Nilikuwa Huko
Nimesoma kuanzia juu, nimeandika nikafuta mara tatu. Mimi nilikuwa upande wa pili. Kuanzia 2013 mpaka 2017 nilivuta unga, yaani madawa ya kulevya, na baskeli ndizo zilizokuwa zikinilipia. Toka niingie soba hausi, nyumba ya kuachia unga, sijarudi.

Mnadhani mwizi anatafuta ya ghali. Majina yake hata sikuyajua. Ya milioni mbili na Phoenix ya mzee wa mtu kwangu zilikuwa bei moja, elfu ishirini, ukibahatika thelathini, kwa sababu anayenunua anaona unavyotetemeka. Nilichokuwa natafuta ni mtu mwenye ratiba. Wewe wa Kikwajuni, usione vibaya, ulikuwa riziki yangu khasa. Kila siku saa ile ile, mlango umerudishwa. Nilikuwa nakaa baraza ya nyumba ya tatu na tasbihi mkononi. Nani atamuuliza kitu mtu mwenye tasbihi alfajiri?

Siku yangu ilikuwa Kwahani, saa nane mchana, watu wamelala. Baskeli ya kijana wa skuli iko ukumbini, imefungwa gurudumu la mbele tu. Gurudumu nikalifungua nikaliacha na kufuli lake, iliyobaki nikaitia begani. Nafika njia panda, yule kijana anatoka dukani na soda. Hakupiga ukelele. Alisema "baskeli yangu", taratibu, kama anajiuliza mwenyewe. Waliokuwa wakicheza bao ndio waliopiga ukelele.

Sitasimulia yote. Tofali la kwanza lilinipata sikioni, na upande huo mpaka leo nasikia kama redio isiyoshika stesheni. Mtu kaja na dumu, nimesikia harufu ya petroli, na nilichokuwa nawaza ni kuwa leo magharibi itanikuta na arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Hilo tu. Akatokea bibi mmoja mnene, kanga moja kajifunga, ya pili akanitupia kichwani, akanikalia. Wallahi alinikalia mgongoni! Akasema, "Baskeli ya mjukuu wangu hii, gurudumu liko ndani, haijapotea kitu. Mnamchoma kwa baskeli ya nani?" Wakamtukana na yeye. Hakunyanyuka mpaka gari ya polisi imefika. Mbavu zangu mbili zilivunjika, na sijui ni za tofali au za bibi.

Mnauliza ulinzi. Halbadiri niliiogopa, nisidanganye, lakini nikiwa na arosto sikuogopa kitu. Nyumba moja Mikunguni walikuwa wakiegemeza kopo la maziwa lenye vijiwe nyuma ya mlango. Niliirudia mara tatu, nikaiacha. Nyumba yenye mgonjwa pia nilikuwa siingii, kuna mtu macho. Na iliyofungwa kama alivyosema fundi niliipita. Ingekatika, lakini ya jirani haikufungwa.

Pweza Mkavu
Leo tunashauriwa na mwizi. Hongera zetu.

Zuu wa Jang'ombe
Pweza nyamaza kidogo. Wangapi humu wana ndugu soba na hawasemi? Mie ninaye.

Chake Moja
Kusamehe sawa, lakini na wanunuzi je? Mwizi hali fremu. Kuna mtu mzima mwenye duka analipa hiyo elfu ishirini.

Msafiri wa Kikwajuni
Ndugu, sitaki kugombana. Nina swali moja tu. Yangu saa hizi iko wapi?

Nilikuwa Huko
Ikiwa aliyechukua ni kama nilivyokuwa mimi, saa mbili asubuhi ilishavuliwa nguo. Magurudumu yana mtu wake, gia zina mtu wake. Fremu ya aluminiamu inapimwa kwa kilo kwenye chakavu. Tafuta magurudumu, usitafute baskeli. Usiende peke yako, nenda na polisi uliyeandikisha kwake. Na usikubali kuinunua tena, ukilipa mara moja watakuja wiki ijayo.

Ami wa Bububu
Mie yangu nimelipa elfu hamsini nikarudishiwa, na sijutii.

Binti Mwembetanga
Nilikuwa Huko, nakuomba unijibu mie. Januari 2010, Mwembetanga, Phoenix nyeusi, nondo za dirisha zimekatwa. Kengele ina ufa.

Pweza Mkavu
Dada, kasema alianza 2013.

Binti Mwembetanga
Nimesoma. Namuuliza yeye.

Nilikuwa Huko
Dada, 2010 nilikuwa kidato cha pili, sijaonja kitu. Kiza kile nilikuwa nasoma kwa kibatari. Si mimi. Lakini nisikufiche, Phoenix nimeuza nyingi, na kengele sikuwa nazisikiliza.

Binti Mwembetanga
Ahsante kwa kunijibu.

Kisutu Ndani
Jamani hilo kufuli la U Darajani wanauza kiasi gani?

Fundi wa Fuoni
Watakwambia elfu arubaini na tano. Kaa, zungumza naye, omba maji ya kunywa. Utaondoka nalo kwa thelathini.