Neno "itatakiwa" limeuawa mbele ya macho yangu, na mwuaji akaagiza kahawa

Wakuu, nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha viwango vya pamoja vya nishati. Yule mheshimiwa mnayemfahamu, ambaye hotuba zake zote huanza kwa "sisi tuna nia njema", amefanya tena. Kwa siku tatu tulibishana juu ya ibara moja hadi alama za mkato zikaota mvi, tukaondoa mabano yote yanayozunguka maneno yasiyokubaliwa, ikasomeka kwamba kila nchi "itatakiwa" kupima na kutangaza gesijoto inazozalisha. Akanyanyua mkono, akaomba "marekebisho madogo ya lugha", na "itatakiwa" likawa "inahimizwa". Kisha akaagiza kahawa.

Msiniambie kwamba ndivyo diplomasia ilivyo. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Paris, tarehe 12 Desemba 2015, neno la namna hiyohiyo katika ibara ya 4 ya mkataba lililegezwa saa za mwisho, likasomwa ukumbini kana kwamba ni kosa la uchapaji. Wale angalau waliona aibu, wakamsingizia mchapaji. Huyu alinitazama usoni, akasema "inahimizwa", akakoroga kahawa.

Mabano Matupu: Pole, mleta mada, ingawa hukuanza wewe. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow, mwaka 2021, "kuachana" na umeme wa makaa ya mawe kuligeuzwa dakika za mwisho kuwa "kupunguza", na rais wa mkutano akakabwa na machozi mbele ya dunia nzima. Wewe umelia, au umefungua uzi tu?

Mpenda Vifungu: Lile la Paris lilikuwa na sababu. Lingebaki lilivyokuwa, serikali ya Marekani ingejikuta ikilazimika kuupeleka mkataba Seneti, ambako ungezikwa.

Mleta mada: Sababu nimeisikia. Kahawa je? Aliikoroga polepole, mkuu, kama mtu aliye likizoni.

Hesabu Kwanza: Mnalilia vitenzi wakati fedha zinapotea. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka za kukabili mabadiliko ya tabianchi ifikapo 2020, zikafikisha kiasi hicho mwaka 2022. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Baku, mwaka 2024, nchi zinazoendelea zilitaka trilioni 1.3 kwa mwaka, zikapewa ahadi ya bilioni 300 ifikapo 2035, na nyundo ikagongwa kabla India haijapewa nafasi ya kusema. Hilo ndilo tusi. Lako ni sarufi.

Mpenda Vifungu: Sarufi hiyohiyo ndiyo iliyoifanya Itifaki ya Montreal ya 1987, ya kudhibiti kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni, kuuma: nchi zilibanwa kwa tarehe, na asiyejiunga akawekewa vikwazo vya biashara ya kemikali zile.

Mleta mada: Naomba turudi kwenye kahawa.

Mwangalizi wa Nyuma: Kumbe ninyi mlipewa kahawa? Sisi wa kikao cha viwango vya taa tulihamishwa ukumbi saa nane usiku, tukakuta viti vimeshaondolewa.

Hesabu Kwanza: Mlipata ukumbi? Sisi wa kikao cha fedha tulijadiliana kwenye korido.