Mrejesho: takataka za parseli yetu (kiwanja cha nyumba), Kadutu, Bukavu

Wandugu wa Bukavu, asanteni kwa majibu. Niliuliza kama vijana wanaobeba takataka wana haki ya kuingia ndani ya parseli, au ni sisi tutoe magunia nje. Geti letu linafungwa mchana, na magunia tuliyoacha nje usiku mbwa waliyapasua yote.

Nilienda kwa shefu wa avenii, yaani kiongozi wa mtaa wetu, kama mlivyonishauri. Alituketisha na mwenye nyumba pamoja na kijana mbebaji. Tukakubaliana: haingii mtu bila mwenyeji kuwepo, takataka zinakaa ndani kwenye pipa lenye kifuniko, zinatolewa alfajiri ya Jumanne na Ijumaa.

Pipa tumelitoboa matundu chini, maana maji ya mvua yalikuwa yanaongeza uzito, na kijana huyo anapanda ngazi za udongo na gunia mgongoni. Nilimwona akiteleza, goti likachubuka. Iliniuma sana. Sasa maganda ya ndizi na mabua ya sombe (majani ya muhogo) tunayaweka kwenye migomba, gunia limekuwa jepesi.

Kilichobaki ni jirani wa chini. Mvua ikianza anamwaga mifuko na chupa za plastiki kwenye mfereji. Zinateremka hadi Ziwa Kivu, kisha zinakwama kwenye bwawa la umeme la mto Ruzizi, na umeme tunaoukosa ni wetu sote. Nitamfuata siku ya salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, nikiwa na mwenye nyumba wake.